Kiti cha Mtoto Asiyezaliwa

Nchi yetu kwa sasa haina jina. La zamani lilifutwa kwa sababu lilikuwa la zamani, na jipya liko kwenye kamati, mwaka wa sita huu, kwa hiyo msomaji usinilaumu nikisema "nchi yetu" tu. Wanaoijua wataijua. Wasioijua washukuru.

Mimi ni karani wa kumbukumbu, daraja la tatu, katika Wizara ya Wasiozaliwa. Hii ndiyo wizara inayosifiwa kuliko zote serikalini. Wizara ya Afya inahudumia wagonjwa, na wagonjwa wana kelele. Wizara ya Maji inahudumia wenye kiu, nao hawana subira. Sisi tunahudumia wananchi ambao bado hawajazaliwa, na katika utumishi wangu wote sijapokea lalamiko hata moja kutoka kwao. Kila mwaka tunapewa kikombe cha wizara isiyo na malalamiko, na kila mwaka tunakipokea kwa unyenyekevu na kuchinja mbuzi wawili.

Sheria ninayotaka kuwasimulia ilianza na usingizi. Waziri wetu, Mheshimiwa Ngwalo, alipelekwa kwenye mkutano wa mataifa kuhusu magonjwa ya kurithi. Mkutano ulikuwa wa siku tatu na viti vyake vilikuwa laini mno, basi Mheshimiwa akasinzia siku mbili na nusu. Akaamshwa na makofi. Mtaalamu mmoja alikuwa amesimama mbele na kuuliza kwa uchungu: "Mtu na mkewe wakijua kwamba mtoto wao anaweza kuzaliwa na ugonjwa wa kumtesa maisha yake yote, je, wamzae au wasimzae? Nani amemuuliza mtoto?"

Lilikuwa swali la kuwafanya watu wafikiri. Mheshimiwa, kwa kuwa alikosa siku mbili na nusu za mwanzo, alidhani ni azimio. Akarudi nyumbani, akashuka kwenye ndege, na kabla hajalifikia gari lake alikwisha kuwatangazia waandishi wa habari kwamba kuanzia mwezi ujao, katika nchi yetu, mtoto ataulizwa.

*

Ugonjwa wenyewe ni selimundu, ule ambao mitaani tunauita sikoseli. Umejaa kwetu. Mtu anaweza kuibeba asili yake mwilini miaka yote asiumwe hata siku moja, akaoana na mwenzake anayeibeba vilevile, ndipo akazaliwa mtoto akaja kuumwa yeye. Sheria mpya ikasema watu wawili wa namna hiyo wasizae kwanza. Wafike mbele ya Baraza la Ridhaa, na mtoto wanayemtaka aitwe, aulizwe kama anakubali kuzaliwa.

Kamati ya viti ilikaa majuma matano kujadili mtoto huyo atakalia nini. Wengine walitaka kiti kikubwa, kwa heshima. Wengine walitaka kidogo, kwa umri. Mwishowe likatengenezwa dude moja refu la mahameli mekundu, lenye kikalio cha mtu mzima na mahali pa kuwekea miguu ya kichanga, likawekwa katikati ya ukumbi. Kiti kilipendeza kiasi kwamba madereva wa wizara wakaanza kukilalia mchana. Ndipo ikaongezwa Kanuni ya Kumi na Nne: *Yeyote atakayekikalia kiti hiki atahesabiwa kuwa ndiye mtoto mwenyewe.* Madereva wakaogopa, maana mtoto halipwi mshahara.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mpiga mbiu wetu, Bwana Pazi, mwenye sauti ya kushtua kuku, alisimama mlangoni na kuita mara tatu: "Mtoto wa fulani na fulani! Fika mbele ya Baraza!" Halafu akaita mara moja zaidi dirishani, upande wa hospitali ya wazazi, ikiwa labda mtoto amepotea njia. Sote tukageuka kutazama kiti. Nikaandika: *Mtoto hakufika. Hakutoa udhuru.* Shauri likaahirishwa.

Na hapa Kanuni ya Tisa: mtoto akiitwa katika vikao vitatu asifike, anahesabiwa amekataa kuzaliwa. Majina ya wazazi yanabandikwa kwenye ubao nje ya lango letu, chini ya maandishi makubwa, WALIOKATALIWA NA WATOTO WAO. Mwaka wa kwanza hakufika mtoto hata mmoja. Ubao ukajaa, tukaongeza ubao. Mheshimiwa Waziri alisimama kando ya ubao wa pili akapigwa picha, akasema hajawahi kuona raia wenye msimamo kama hawa.

Watu waliendelea kuzaa, bila shaka, binadamu ni mkaidi. Watoto waliozaliwa hivyo hatukuwafanyia ubaya. Tuliwaandikisha kuwa wageni wa muda, tukawapa kadi za manjano za kuja kuongezwa muda kila baada ya miezi sita.

*

Mashavu alifika ofisini kwangu siku ya Jumanne, amebeba mkoba wa nguo. Ni mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye macho ya kumpima mtu mabega anapomwangalia. Mumewe, Kibwana, fundi redio, alikuwa nyuma yake akiwa ameshika fomu zote kwa mikono miwili kana kwamba zitamwagika.

"Shikamoo, Bwana Karani," alisema Kibwana, ingawa tulikuwa rika moja. Watu wakiingia serikalini huwa wanajipunguza miaka.

"Marahaba. Mmepima wote wawili?"

"Tumepima," alisema Mashavu. "Mimi ninayo, na yeye anayo. Tulijua kwake tangu zamani, kwa sababu dada yake Siwema anaumwa. Nesi ametueleza vizuri. Kila mimba, kuna robo kwamba mtoto ataumwa. Robo tatu, hataumwa."

"Vizuri. Sasa mnaomba ridhaa ya mtoto."

Mashavu akaweka mkoba chini. "Kaka yangu, nikwambie kweli. Mimi sikuja kuomba ridhaa. Miaka minne nimekaa na jambo hili. Nikiamka asubuhi nataka mtoto hadi mikono inawasha. Nikienda kumtazama wifi yangu wodini, nikamkuta anang'ata shuka, narudi nyumbani nasema siwezi, siwezi kumfanyia mtu hivi kwa sababu ya hamu yangu mimi. Kesho yake nikimwona Siwema huyohuyo anacheza ngoma ya harusi, naanza upya. Nimesikia hapa kuna Baraza, lina wasomi. Nikasema labda watanisaidia kufikiri."

Nilimhurumia sana, maana alikuwa amekosea mlango. "Mama," nikamwambia kwa upole, "hii si ofisi ya kufikiri. Hii ni ofisi ya kuamua."

"Na ya kufikiri iko wapi?"

Nikaangalia kwenye orodha ya ofisi zote za serikali, iliyobandikwa ukutani. Haikuwepo. Nikampa tarehe ya kikao.

*

Mwenyekiti wa Baraza ni Mheshimiwa Kilindo Mavere, mtu mnene, mwenye shahada tatu alizopewa na vyuo vilivyomwomba asamehe kodi. Alifungua kikao cha kwanza kwa hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, ingawa wananchi waliokuwemo ni Mashavu na Kibwana, "mtoto ni taifa la kesho. Na kesho, ndugu zangu, ni leo ya kesho kutwa. Kwa hiyo mtoto tunayemwita leo ni taifa ambalo kesho kutwa litakuwa limeshapita! Tusifanye mchezo!"

Tulipiga makofi. Mtoto akaitwa, hakufika, nikaandika. Kisha Mwenyekiti akataka kujua jambo moja kwenye fomu. "Hapa mmeandika robo ya mtoto ataumwa. Robo ipi? Miguu, au kichwa?"

"Si robo ya mtoto, Mheshimiwa," alisema Kibwana. "Ni katika wanne, mmoja."

"Aaa!" Uso wa Mwenyekiti ukang'aa. "Basi mbona ni rahisi? Anzeni na wale watatu wazima. Mkifika kwa wa nne, acheni." Akageuka kwangu. "Andika huo ni mwongozo, upelekwe mikoani."

Ukapelekwa. Naambiwa wilaya kumi na moja ziliutekeleza mpaka matokeo yalipoanza kuonekana.

Mashavu hakucheka. Aliingiza mkono mkobani akatoa vifungo vinne vya shati, viwili vyeupe na viwili vyeusi. "Waheshimiwa, naomba niwaonyeshe kama nesi alivyotuonyesha. Mimi mwilini mwangu nina vifungo viwili vya ugonjwa huu. Kimoja cheupe, ndicho kizima. Kimoja cheusi, ndicho kibovu. Kizima kinanilinda, ndiyo maana siumwi. Mume wangu naye hivyo hivyo. Mtoto anachukua kimoja kwangu na kimoja kwake, bila kuangalia." Akafumba viwili katika kiganja, akampa Kibwana viwili afumbe. "Akipata cheupe na cheusi, yuko kama sisi. Vyeupe viwili, hana kitu. Vyeusi viwili, anaumwa. Hebu Mheshimiwa chukua."

Mwenyekiti akachagua kimoja huku na kimoja huku. Vyeusi viwili.

"Sijajiandaa," alisema. "Rudia."

Wakafumba tena. Vyeusi viwili. Wajumbe wengine wakaanza kusogeza viti. Akarudia mara ya tatu, safari hii akiwa amevua koti. Vyeusi viwili.

"Basi mimi nimeshawamaliza wagonjwa wote wa mtaa huu!" alisema. "Wanaofuata lazima wawe wazima!"

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Mashavu. "Vifungo havikumbuki. Kila mara ni mwanzo. Unaweza kupata wanne wazima. Unaweza kupata wanne wagonjwa. Hapo ndipo ninapokwama mimi, Mheshimiwa. Ningekuwa nashika mkono wa mtu na kuuweka kwenye kifungo fulani, ningejua. Lakini ni yeye ndiye anayechukua, na mimi ndiye ninayefumba. Sasa je, nifumbe au nisifumbe?"

Lilikuwa swali zuri, na ukumbi mzima ulilipuuza kwa pamoja, kwa sababu kila mjumbe alitaka zamu yake. Walicheza vifungo mpaka saa kumi. Mjumbe mmoja alipata weupe mtupu mara mbili akajitangaza kuwa ana damu ya uongozi. Mwishowe Mwenyekiti, ambaye alikuwa amefikisha watoto wanne wagonjwa, akaamuru vifungo vikamatwe kwa kosa la kukosa adabu mbele ya Baraza. Nikavitia kwenye bahasha, nikaandika juu yake *Kielelezo A*, nikaifungia kabatini.

*

Kikao cha pili alialikwa Wakili Sheshe, ambaye serikali ilikuwa imemteua kuwatetea wasiozaliwa wote. Ni wakili hodari, hajawahi kushtakiwa na mteja wake yeyote.

"Waheshimiwa," alisema, "nimezungumza na mteja wangu."

Mashavu alisimama ghafla. "Umezungumza naye? Amesemaje?"

"Hayo ni ya siri kati ya wakili na mteja," alisema Wakili Sheshe, akakaa.

Wakafuata wajumbe. Mmoja akasema asiyezaa anaidhulumu nchi. Wa pili akasema anayezaa mgonjwa anamdhulumu mtoto. Wa tatu akauliza kama haiwezekani kuzaa kwa majaribio. Wote watatu waliongea kwa nguvu, wakimtazama Mashavu tumboni, na hakuna aliyemtazama usoni hata mara moja. Wa pili ndiye aliyemuumiza zaidi, nadhani, maana alitaja mateso kwa ufasaha mkubwa, na Kibwana akaushika mkono wa mkewe na kuuficha chini ya meza. Mabishano yakawa makali hadi sambusa zilipoingia, ndipo wakakubaliana.

Mtoto aliitwa. Hakufika. Sasa kilibaki kikao kimoja.

Wakati wa kutoka Mashavu alisimama mbele ya ubao, akasoma majina. "Bwana Karani," aliniuliza, "kwani siku ile ya tatu asipofika, mtaandika kwamba mwanangu mwenyewe amenikataa?"

"Kwa herufi kubwa," nikamwambia. Niliona heri ajue mapema.

Akauinua mkoba wake, akaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilikwenda nyumbani nikiwa bado nayasoma majina ya ubao ule kichwani.

*

Kikao cha tatu ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Waziri alikuwa ameleta wageni kutoka nchi jirani kuja kujifunza, na kila kiti kilikuwa na karatasi yenye cheo cha mwenye kukikalia. Hata benchi la wananchi lilikuwa limewekewa mabegi ya wageni.

Shauri lilikuwa limeshaanza mlango ulipofunguliwa, akaingia Siwema, dada yake Kibwana. Nilikuwa sijawahi kumwona. Ni mwanamke mwembamba, macho yana rangi ya manjano kidogo, amevaa gauni la kitenge cha maua makubwa, anatembelea fimbo. Alikuwa ametoka wodini siku mbili nyuma na nyonga ilikuwa bado inamuuma. Akatazama huku na huku apate pa kukaa. Kila mahali palikuwa na cheo. Kiti kimoja tu hakikuwa na karatasi.

Bwana Pazi mlangoni alikuwa anamalizia: "Mtoto wa Mashavu na Kibwana! Kwa mara ya tatu na ya mwisho! Fika mbele ya Baraza!"

Siwema akajishusha taratibu kwenye mahameli mekundu, akasema, "Ooosh."

Wageni wakainua shingo. Mwenyekiti alinitazama. Mimi nikafungua kitabu cha kanuni, nikasoma kwa sauti Kanuni ya Kumi na Nne.

"Mtoto amefika!" alipaza sauti Mwenyekiti, na machozi yakamlengalenga. Mwaka mzima na miezi yake, na mbele ya wageni! Waziri alisimama. Wageni wakasimama. Wimbo wa taifa ukapigwa, ule usio na maneno kwa sababu maneno yana jina la nchi.

"Mtoto," alisema Mwenyekiti, "una umri gani?"

"Thelathini na mmoja."

"Umechelewa. Lakini umefika. Sasa jibu mbele ya taifa. Je, unakubali kuzaliwa?"

Siwema alimtazama kaka yake, akamtazama Mashavu, akaelewa. Nilidhani atacheka. Badala yake aliweka fimbo chini, akafikiri, na ulikuwa muda mrefu sana, kwa sababu ukumbi ule haukuzoea kuona mtu akifikiri.

"Inategemea siku," alisema.

"Siku gani?"

"Mngeniuliza Jumatatu iliyopita, nisingekubali. Jumatatu mifupa ilikuwa kama kuna mtu ndani anaisaga, na dawa ya maumivu wodini ilikuwa imekwisha, na kijana mmoja wa koti jeupe akaniambia najidekeza. Siku ile ningesema msinizae, na huyo mwenye koti msimzae vilevile." Watu wakacheka, yeye akaendelea. "Leo je? Leo nimekunywa chai ya maziwa. Wifi yangu amenishonea gauni hili. Asubuhi kaka kanisimulia habari za redio ya shehe iliyokamata stesheni ya dansi wakati wa mawaidha, nimecheka mpaka fimbo ikaniponyoka. Leo nakubali. Nakubali kabisa. Mkiniuliza kesho, sijui."

"Fomu ina Ndiyo na Hapana," alisema Mwenyekiti.

"Basi fomu haijawahi kuumwa."

Mwenyekiti akaniuliza niandike nini. Nami, msomaji, karani wa daraja la tatu niliyekuwa natazamia la pili, niliweka alama kwenye visanduku vyote viwili. Kalamu ilifanya yenyewe.

Mashavu alikuwa amesimama, uso umelowa. "Siwema, wifi yangu. Niambie basi. Nimzae, nisimzae? Wewe ndiye unayejua."

"Sijui," alisema Siwema. "Na usinitazame mimi kama jibu, Mashavu. Miaka minne unanitazama hivyo. Nikiugua, unasema huzai. Nikicheza, unasema unazaa. Siku hizi naogopa hata kwenda harusini. Mimi si jibu lako, mimi ni Siwema." Akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa karibu na nikasikia. "Ukimzaa na akatoka kama mimi, nitamfundisha kila kitu. Kunywa maji mengi, kuvaa sweta, kumjua nesi mwenye huruma kwa mwendo wake. Usipomzaa, nitakuja kula kwako kila Ijumaa kama kawaida, na hutasikia neno kutoka kwangu wala kwa mtu mbele yangu. Hayo ndiyo niliyo nayo."

Mwenyekiti akagonga meza. "Mtoto asizungumze na wazazi! Ana lolote la kuuliza Baraza?"

"Ninalo," alisema Siwema. "Mmeniuliza mimi kama nakubali kuzaliwa kwenu. Sawa. Na nyie je? Akizaliwa anaumwa, nyie mnakubali? Dawa itakuwepo Jumatatu? Damu itakuwepo akiishiwa? Shuleni akikosa majuma mawili, mwalimu atamwita mvivu? Nani wa kunijibu hilo?"

Mwenyekiti akamtazama Waziri. Waziri akawatazama wageni. Wageni wakatazama viatu vyao. "Hilo," alisema Mwenyekiti polepole, "si letu. Hilo ni la taifa zima."

"Basi liitwe."

Sijui kama Bwana Pazi aliamriwa na mtu. Nadhani ni mazoea tu. Mtu akisema "liitwe", Bwana Pazi huita. Alijaza hewa kifuani, akageuka mlangoni, akapaza: "Taifa! Fika mbele ya Baraza!" Mara ya pili: "Taifa!" Mara ya tatu. Halafu akaenda dirishani, akaita na huko.

Tukageuka wote kutazama mlango. Hakuingia mtu. Nje paka alipita.

Nikaandika: *Taifa halikufika. Halikutoa udhuru.*

Mwenyekiti alichungulia kitabu changu, akakumbuka Kanuni ya Tisa, jasho likamtoka. Vikao viwili vingine kama hivi, na ingebidi tubandike ubaoni kwamba taifa limekataa. "Shauri limeahirishwa," alisema haraka, "mpaka hapo taifa litakapokuwa na nafasi." Hakuna tarehe iliyopangwa. Mashavu hakukubaliwa, wala hakukataliwa, na jina lake halikubandikwa popote.

*

Jioni ileile alikuja ofisini kwangu kudai vifungo vyake. Nikafungua bahasha ya Kielelezo A, nikamhesabia vinne, akatia sahihi. Kibwana na Siwema walikuwa wanamsubiri langoni, nawasikia wakibishana kuhusu ile redio ya shehe.

Sikuwa na haja ya kuuliza. Hakuna fomu inayonitaka niulize. Lakini nilijikuta nasema, "Na wewe, mama? Wewe unataka nini?"

Alinitazama kwa macho yale ya kupima mabega. "Unajua," alisema, "tumemwita mtoto, tumemwita wakili, leo tumeliita mpaka taifa. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mimi."

"Na jibu?"

"Naogopa na nataka. Vyote viwili, sana. Nilidhani nikingoja vya kutosha, uoga utaondoka ibaki hamu. Leo nimeona hauondoki. Nitakwenda nao tu." Akavitia vifungo mkobani. "Hilo usiandike."

Sikuandika.

*

Huu ni mwaka wa pili tangu hapo. Taifa halijapata nafasi. Mheshimiwa Waziri amehamishiwa Wizara ya Waliokufa, ambako pia hakuna malalamiko. Fomu yetu imeboreshwa, ina mahali pa kuweka picha ya mtoto asiyezaliwa.

Wiki iliyopita walikuja wanne dirishani kwangu kuongeza muda wa kadi ya manjano: Mashavu, Kibwana, Siwema na fimbo yake, na mgeni wa muda wa mwaka mmoja aitwaye Tamasha, msichana mwenye meno manne na nia mbaya dhidi ya muhuri wangu. Kwa mujibu wa kanuni nilimuuliza kama alikubali kuzaliwa. Akaunyakua muhuri, akautia mdomoni, akanitazama kama mtu anayesubiri swali linalofuata.

Sasa mnajua ninachotaka kujua, na nyinyi mnataka kukijua, msijifanye. Ndani ya fomu kuna mstari mmoja: *Je, mgeni ni mzima au mgonjwa?* Niliona haya kuuliza, ila nilikumbuka kwamba mama yake ni mshonaji na kwamba mshonaji husema mambo yake kwa uzi. Nikainuka kidogo kitini, nikachungulia vifungo vya gauni la Tamasha.

Vilikuwa vinne, vyote vyekundu.

Siwema aliniona. Alicheka hadi akashika kaunta, na yule mtoto akaanza kucheka kwa sababu shangazi yake anacheka, muhuri ukaanguka. "Bwana Karani," alisema, "ulidhani tutakuandikia pale?"

Nikakaa. Nikachukua kalamu, na kwenye mstari ule nikajaza kile tu nilichokiona kwa macho yangu: *Vifungo vinne. Vyekundu.* Nikaokota muhuri, nikaufuta mate, nikagonga.